Kope Zimeota Tena, Mama

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo na kalamu imesimama, maana nimezoea marahaba yako itoke jikoni kabla sijalimaliza. Ni mimi, mama Saidi, mke wa mwanao Athumani, yule uliyemwita mwanangu na ukagombana na kila aliyeniita mkwe wako. Naandika nikiwa nimekaa mlangoni, mchana, ukungu umelifunika jua, kwa sababu jua likitoka wazi siwezi kuitazama karatasi nyeupe. Herufi zangu zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nikiandika mistari michache naweka kalamu chini, nafumba macho mpaka yapoe, halafu naendelea. Kwa hiyo ukiona maneno yangu yanarukaruka, usidhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Kope zimeota tena. Hiyo ndiyo habari ya kwanza, na nikikaa nikifikiri, habari nyingine zote zinatoka humo humo.

Ulizing'oa mara ya mwisho ukiwa tayari mgonjwa, unakohoa, mkono mmoja umeshika ubavu na mwingine umeshika kibanio. Nilikwambia, acha mama, utazing'oa ukipona. Ukanijibu, "Nyamaza wewe, utanifanya nikutoboe." Tulipokuzika macho yangu yalikuwa safi. Nililia sana siku ile na machozi yakatoka bila kuchoma. Wanawake wa msibani walishangaa, wakanong'onezana kwamba hawajaona mke wa mwana anayemlilia mavyaa namna ile. Hawakujua nalia nini. Nilikulilia wewe, na Mungu anisamehe, nililia pia kwa ajili ya kope zangu. Matanga hayajaanuliwa nikasikia mchomo wa kwanza, jicho la kulia, upande wa pua. Kufika arobaini yako zilikuwa zimejaa.

Unayajua yote haya, lakini acha niyaandike, maana tangu uondoke sina wa kumwambia. Hospitali wanauita ugonjwa huu vikope. Ngozi ya juu ya jicho inajikunja, na kope badala ya kutazama nje zinaota kuelekea ndani, kila ukipepesa zinaikwangua mboni. Mtu aliyeingiwa na mchanga hunawa, mchanga ukatoka. Mchanga wangu ukitolewa unaota tena. Mimi na wewe tulizoea kuzing'oa kila zikirefuka, na kati ya kung'oa na kung'oa nilipata siku za kuona kama watu wengine. Kwa siku hizo ndiyo nimefanya kazi kiwandani miaka yote hii.

Usimkasirikie mwanao. Amejaribu. Alivaa ile miwani yako ya mtumba, yenye mkono mmoja wa chuma na mwingine wa uzi, akanilaza hapa hapa mlangoni, akashika kibanio. Ile mikono inayopasua mbao kutwa, mama, ilitetemeka kuliko siku ya kufungishwa ndoa. Akaukata ukope katikati badala ya kuutoa na mzizi wake. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukope uliokatika ni mbaya kuliko ulioachwa, maana ncha yake inakuwa kali. Nilikaa na ncha ile jichoni mpaka nikawa siwezi kula. Athumani alitoka akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na aliporudi akasema, "Mke wangu, niambie nibebe mbao kichwani mpaka Mombo, nitakwenda. Hili siwezi." Nikamwambia si kitu. Nikajaribu mwenyewe kwa kioo, lakini jicho linalotakiwa kuona ndilo hilo hilo linalong'olewa, na la pili lilikuwa limejaa machozi. Nikaacha.

Nikiwa nimefumba macho namna hii nakumbuka jinsi mlivyonichagua, na mpaka leo nacheka peke yangu. Wazee wenu waliteremka mpaka kwetu nyikani, kule ng'ambo ya Mombo kwenye vumbi na ng'ombe na nzi, kuja kuniangalia kama nafaa. Walirudi huku milimani wakinisifu. Binti ana adabu, wakasema, tangu tumeingia mpaka tumetoka hajainua uso, na machozi yanamlengalenga kwa haya. Haya gani, mama! Mwanga ulikuwa unaniumiza. Adabu yangu yote ilikuwa ugonjwa. Niliposikia kwamba nimepita kwa sababu ya macho yangu, nilitaka kucheka na nilitaka kukimbia.

Nilipofika kwako mila ikanisitiri. Mke mpya hamtazami mavyaa wake usoni. Anapiga goti, anaamkia, anapokea kikombe kwa mikono miwili na macho yakiwa chini. Niliipenda mila hiyo kuliko mlivyoipenda nyinyi wenyewe. Niliona nitaweza kukaa hata miaka kumi bila mtu kujua, na wewe ukanikatisha mapema. Nilikuwa napuliza moto, kuni mbichi, moshi umejaa jiko zima, ukasimama mlangoni ukasema, "Nitazame." Nikazidi kuinama. Ukasema, "Mwanangu, nimesema nitazame. Adabu yako nimekwisha iona." Nikainua uso. Sijawahi kuogopa kama siku ile, kwa sababu nilijua msichana mwenye macho mabovu hurudishwa kwao, na mahari hudaiwa. Ukanishika kidevu, ukanigeuza kwenye mwanga, ukaguna. Kisha ukasema, "Kumbe tumeletewa mgonjwa. Haya, lala hapa." Ukakaa chini, ukanyoosha miguu, ukajipiga paja.

Nikaweka kichwa changu pajani kwa mavyaa wangu na kumtazama macho kwa macho, jambo ambalo dada zako wangeliona wangepiga yowe. Ukaniambia nisipepese. Ukazing'oa kwa kucha zako kwanza, maana kibanio ulikuwa bado hujapata. Kile cha bati ulikuja kumwomba baadaye fundi baiskeli wa Soni akutengenezee, na alipouliza cha nini ukamwambia cha kutolea miiba ya wajukuu, wakati hata mjukuu mmoja ulikuwa huna.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Asubuhi kabla sijaenda kazini, ukiwa umekausha vidole kwa ncha ya kanga, unanipindua jicho na kuanza. Pumzi yako ilikuwa inanukia tangawizi. Kila ukope ukitoka unaubandika mgongoni mwa mkono wako, na mwisho unanionyesha, unasema, "Leo tumevuna." Habari zote za kijiji nilizipata hapo pajani kwako: nani kaachika, nani kahamisha mpaka wa shamba, mbuzi wa nani kala kabichi za nani. Ulikuwa unanisimulia makusudi ili nisahau maumivu, na mara nyingine ulikuwa unazitunga. Lile la shehe na nyuki mpaka leo siliamini.

Macho yako nayo yalipoanza kuzeeka ukateremka sokoni Lushoto, miaka hii ya ruksa mitumba ilipoanza kumwagwa chini kwa marobota. Ukakuta rundo la miwani. Ulivaa moja baada ya nyingine ukitazama mistari ya kiganja chako, na muuzaji alipokuharakisha ukamwambia, "Mgosi, mimi sinunui pambo. Nanunua macho ya mtu." Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nikaona aibu, nikakuvuta kanga. Hukugeuka.

Kiwandani hukuwahi kuingia, ulikuwa unaishia getini, kwa hiyo nikueleze kazi yangu ilivyokuwa. Majani ya chai yakishakaushwa huletwa kwenye chumba cha uchambuzi. Humo kulikuwa na meza moja ndefu, na wanawake pande zote mbili. Chai inamwagwa katikati, lundo moja, na sisi tunatoa vijiti na nyuzi kwa vidole. Chai ni nyeusi na vijiti ni vyekunduvyekundu. Mwenye macho anaviona upesi. Vumbi lake ni jepesi, linaruka, linaingia machoni hata kwa mzima. Msimamizi alikuwa anapita mwishoni, anachota konzi moja, anaitandaza kiganjani na kuitazama, akiridhika anasema haya, mfuko mwingine.

Mimi nilikuwa najivuna kwa kazi ile, mama, wewe shahidi. Nilikuwa narudi nyumbani nakwambia, na macho haya haya mabovu nimechambua sawa na wenzangu. Nilidhani vidole vyangu vimejifunza. Nilidhani kijiti nakijua kwa kukigusa, kwamba Mungu akikunyima hapa anakupa pale. Ulikuwa unanisikiliza, unakoroga bada ya muhogo, huitikii kitu. Nilidhani umechoka.

Kiwanda kilipokuwa bado cha shirika la umma niliomba ruhusa nikapasuliwa jicho la kulia. Unakumbuka ulinifuata hospitali na chungu cha mboga ya mchunga umekifunga kwa kanga, nesi akakufukuza, ukapitia mlango wa nyuma. Kwa muda nilikaa vizuri. Kisha kope zikarudi pale pale, na daktari akasema hutokea, inabidi kurudia. Nikakata tamaa, nikasema bora mkono wa mama. La kushoto sikulipeleka kabisa. Halafu zikaja habari za soko huria, kwamba serikali haiwezi tena kubeba viwanda, na chetu kimepata mwekezaji. Tulikusanywa uwanjani tukaambiwa wote tumepunguzwa, na anayetaka aandikishwe upya. Tukaandikishwa upya kama vibarua. Kibarua hana ruhusa ya ugonjwa. Ukilala wiki mbili na bandeji jichoni, ukirudi unamkuta mtu amekaa mahali pako.

Hayo uliyaona wewe mwenyewe. Haya yanayofuata hukuyaona.

Baada ya arobaini yako walikuja mafundi wakaibomoa ile meza ndefu. Wakatuletea meza ndogo ndogo, kila mwanamke na yake, na kila mwanamke na sinia lake lenye namba. Chai yako unachambua mwenyewe, inapimwa peke yake, inakaguliwa peke yake. Msimamizi mpya, kijana mmoja wa Korogwe, mpole tu, hana ubaya, akatueleza kwamba sasa kila mtu atajulikana kwa kazi yake. Wanawake wakapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi, mama. Nikasema moyoni, sasa wataniona.

Wakaniona kweli. Siku ya kwanza sinia langu lilirudishwa. Nikadhani ni vumbi. Nikarudia, likarudishwa. Yule kijana akachukua karatasi nyeupe akaimwagia konzi ya chai yangu, akanionyesha kwa kalamu: hiki, hiki, hiki na hiki. Mimi nilikuwa naona weusi mtupu. Nikamwambia ndiyo, naviona, nitarekebisha. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha anza kufanya utando, na la kushoto kope zilikuwa zinalichana kila nikigeuka. Vidole vyangu nilivyojivunia vilikuwa vinapapasa tu. Sikuelewa imekuwaje, maana mwezi uliotangulia, kwa macho hayo hayo, kazi yangu ilikuwa inapita.

Aliyenifungua macho, kama neno hilo bado linanifaa, ni mama Zubeda, yule wa Vuga aliyekuwa anakaa mkono wangu wa kushoto. Ilikuwa jioni, tunanawa kwenye bomba kabla ya kutoka. Nikamlalamikia, nikasema sijui wananiletea chai ya namna gani, imejaa vijiti kuliko ya wengine. Akafunga bomba. Akasema, "Shoga, chai ni ile ile. Sisi ndio tulikuwa tunakuchambulia."

Akanieleza, na niliposikia mengine nikamwomba akae chini anieleze tena. Kwamba ulikuja getini, mwaka ule ule nilioanza kazi, msimu wa peasi, na kapu kichwani. Ukawangoja watoke. Ukawagawia peasi mmoja mmoja, ukawauliza majina yao na watoto wao. Kisha ukawaambia mke wa mwanao ni mgonjwa wa macho na hataki kuonewa huruma, kwa hiyo ukawaomba kila anayekaa karibu yangu apitishe mkono kwenye upande wangu wa lundo kabla ya msimamizi kufika. Mmoja wao alicheka akasema, bibi, hiyo ni kazi ya bure. Na wewe, mama, ukapiga goti. Mama Zubeda akasema, "Mtu mzima, mama Saidi. Sisi wote wa umri wa wanawe. Alitupigia goti pale kwenye changarawe, malori yanapita. Tukamwinua. Nani angekataa baada ya hapo?" Na ukawaambia, "Asijue. Akijua ataacha kazi."

Peasi zile! Nilikuwa nakununia kwa ajili yake. Tulikubaliana ziteremshwe Mombo, zikauzwe kwa abiria wa mabasi ya Moshi, na kila msimu kapu zuri kuliko yote lilikuwa linapotea. Ukiulizwa unasema umewapa watu. Watu gani, hukusema. Msimu wa peasi ukiisha unapeleka viazi, viazi vikiisha unapeleka mchunga. Mimi nikadhani uzee unakufanya mkarimu kupita kiasi.

Sijui nikushukuru vipi, na sijui nikukasirikie vipi. Kwanza nilikasirika. Nilipanda mlima kurudi nyumbani nakutukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe tena. Nilisema, kumbe hakuna hata siku moja niliyofanya kazi. Kumbe nilikuwa nakaa pale kama mgonjwa anayepepewa kwa kanga, na wote wanajua isipokuwa mimi. Ile fahari niliyokuletea kila jioni ulikuwa unaikorogea bada na kunyamaza. Kisha nikafika nyumbani, nikakuta jiko baridi, nikakumbuka kwamba wewe ndiye uliyekuwa unapigiwa goti katika nyumba hii. Mimi nilikupigia kila asubuhi. Hukuwahi kumpigia mtu, hata kwa zumbe kwenye kiti chake cha enzi usingepiga. Nikalia, na machozi sasa yanachoma, mama. Hata kulia siwezi kama zamani.

Wenzangu hawakuniacha hata baada ya meza kutenganishwa. Mama Zubeda alisogeza kiti chake, na kila yule kijana akigeuka, mkono wake unaingia kwenye sinia langu. La kwake linachelewa, langu linapita. Nilimwambia aache. Akasema, "Nilimuahidi bibi." Ukaona mambo yako? Umekufa na bado unawatuma watu.

Kijana akaona. Hakupiga kelele. Alituita wote wawili pembeni akasema, "Mama zangu, hapa kila sinia lina mwenyewe. Nikiona tena, itabidi niwaondoe wote wawili, na sitakuwa na la kufanya." Mume wa mama Zubeda alipunguzwa kwenye kiwanda cha mbao, sasa yuko nyumbani. Wanakula kwa mikono ya mkewe, ile ile anayoitia kwenye sinia langu. Nilimtazama mama Zubeda nikajua kesho ataitia tena, kwa sababu ya goti lako. Na keshokutwa ataitia tena, mpaka afukuzwe.

Kwa hiyo nimeacha kazi, mama. Ulichokiogopa ndicho nilichokifanya. Nilikwenda asubuhi kabla ya kengele, nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, macho yangu hayavioni vijiti. Hayajaviona miaka mingi." Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno hayo mbele ya mtu asiyekuwa wewe. Nilidhani nitaona nafuu. Wanasema mficha maradhi kilio humfichua, basi nikadhani anayeyatoa mwenyewe hupewa kitu. Akaniambia, "Pole mama. Basi nenda ukapumzike." Akaandika kitu, akamwita mwingine aliyekuwa anangoja getini, msichana mdogo, macho meupe yanang'aa. Alikaa kwenye kiti changu kabla sijavua aproni.

Mama Zubeda hasemi na mimi vizuri. Anasema nimemdharau. Lakini Ijumaa alikuja, akakaa hapa mlangoni, akaniomba kibanio. Mkono wake si kama wako, ila ni mwepesi kuliko wa mwanao. Alizitoa za jicho la kushoto karibu zote. Hakuzibandika mahali popote, alizipuliza tu. Sikuwa na moyo wa kumwambia anisimulie habari.

Nilikwenda na hospitali, usiseme sikwenda. Daktari alinimulika. La kulia amesema kovu limekwisha kaa kwenye kioo cha jicho na kovu halifutiki. La kushoto linaweza kupasuliwa mabingwa wakija, lakini akanieleza wazi nisije nikajidanganya: ni kulinda kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo. Nikamuuliza, kidogo kiasi gani. Akainua mkono wake, akauliza naona nini. Nikasema naona mkono. Akauliza vidole. Nikasogeza uso mbele, bado nikaona mkono tu. Sasa muda wa kupasuliwa ninao wote, mama, kutwa nzima na wiki nzima, na ulipokuwa unanifaa sikuwa nao.

Saidi yuko Tanga bado, anatafuta kazi bandarini, sijamwandikia haya. Athumani hapati mbao siku hizi kama zamani, magogo sasa yana vibali na vibali vina wenyewe. Tunalima. Mimi napanda kwa kupapasa, na Athumani anapita nyuma yangu kimyakimya anarekebisha mistari, anadhani sijui. Nyumba hii ina watu wa namna hiyo. Mti wa peasi umezaa sana mwaka huu, na sikuteremsha hata moja Mombo. Niliwapelekea wenzangu getini. Waliniamkia kwa sauti kubwa, kama ambavyo watu humwamkia kipofu.

Sikuandiki kukuomba kitu. Ukiwa hai sikuweza kukuombea uzima, sasa nitakuomba nini? Nilitaka tu ujue kwamba lile goti lako nimeambiwa, na limenilemea, na silirudishi. Mungu akuinue nalo mahali pema, akukalishe palipo na mwanga usioumiza mtu.

Nakuahidi jambo moja tu, kwa sababu mengine siyawezi. Njia ya kuja kaburini kwako inashuka kando ya shamba la kabichi, inavuka kijito kwenye lile gogo, halafu inapanda hadi kwenye mikaratusi. Nitaipita kila siku nikiwa nimefumba macho, wakati bado ninayo ya kufumbua nikipotea. Nataka miguu yangu iijue kabla hayajaniacha. Siku yatakapokwisha kabisa, nitakuja kung'oa majani juu yako mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu.

Leo asubuhi nimejaribu. Kabichi nimezipita, nimelifikia gogo, nikaweka mguu mmoja. Nikaogopa, nikafumbua macho, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuona tofauti. Nimerudi nyumbani. Kesho nitajaribu tena.

Kwaheri, mama. Lala.

Mwanao,
Mama Saidi